Uzi: Silaha Marekani kwa sisi tusio raia – kununua, kutunza, kusafiri nayo, na pale uhamiaji unapoingia

Mzawa wa Kolo

Wakuu, swali la "nina grini kadi, naruhusiwa bastola?" limejirudia humu kila mwezi na majibu mengi ni ya kubahatisha. Tuyaweke mambo sehemu moja. Naanza na sheria ya shirikisho kwa sababu inatubana wote, uwe Texas uwe Maine. Ya majimbo wadau wa huko watajazia.

Marekani haina leseni moja ya taifa ya kumiliki bunduki. Hakuna cha kuanzia serikali ya mtaa, upande kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mpaka kwa msajili wa silaha kama Tanzania. Kizuizi kikubwa kiko dukani: muuzaji mwenye leseni anakupa fomu inaitwa 4473, unaijaza mwenyewe na kuitia sahihi, kisha anaulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS, ulioanza Novemba 1998. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Jibu la "endelea" linadumu siku 30.

Umri dukani ni miaka 21 kwa bastola na 18 kwa bunduki ndefu, yaani raifoli na ile ya marisau. Bastola unanunua jimbo unaloishi tu. Kitambulisho kiwe na anwani ya nyumba unayolala sasa. Sanduku la posta halikubaliki. Kama umehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, mfano usajili wa gari. Watu wengi wanarudishwa mlangoni kwa hili, siyo kwa kosa lolote.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Waliopata kwa bahati nasibu ya viza wameingia kama wahamiaji wa kudumu, kwa hiyo nao wamo. Kwenye fomu unaandika uraia wako halisi, Tanzania, Kenya, Kongo, na namba yako ya uhamiaji ile inayoanza na herufi A. Hapo kwenye uraia pana shimo, nitarudi.

Asiyeruhusiwa ni mwenye viza ya muda: utalii, masomo ya F-1, J-1, kazi ya H-1B. Na asiye na karatasi kabisa. Kwa wenye viza kuna mlango mdogo: ukiwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote ambayo haijaisha muda, katazo linaondoka. Leseni ikiisha leo usiku, kesho asubuhi ile bunduki kabatini ni kosa la jinai.

Fizi_Louisville

Asante ndugu kwa kufungua. Nikuongezee upande wa wakimbizi, maana Wakongomani na Warundi wengi hapa hawajapata grini kadi bado. Mkimbizi aliyepokelewa kihalali na aliyepewa hifadhi hawahesabiwi kama watu wa viza ya muda. Kwa sheria ya shirikisho wanaruhusiwa kununua wakiwa wakazi wa jimbo, kwa namba yao ya A au ya I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini. Ila jimbo linaweza kukaza zaidi. Washington, kwa mfano, asiye raia na asiye na grini kadi hawezi kukaa na silaha bila leseni ya pekee ya jimbo, na kuvunja hilo ni kosa kubwa. Kwa hiyo mtu wa Tacoma asifuate ushauri wa mtu wa Kentucky.

Jambo la pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi kwa maelfu wameandikiwa Januari 1. Ukichanganya Januari 1 na jina kama Amisi Juma au Mohamed Ali, mfumo unakukuta unafanana na watu kumi, na jibu linakuwa "subiri". Siyo kwamba una kosa. Dawa zipo mbili. Namba ya hifadhi ya jamii kwenye 4473 ni ya hiari, ila iandike, inapunguza kufananishwa. Kama umecheleweshwa zaidi ya mara moja, omba kuwekwa kwenye faili ya hiari ya FBI: unapeleka alama za vidole na nyaraka, wakiridhika wanakupa namba ya UPIN, na siku nyingine unaiandika kwenye fomu.

kijana_wa_Lowell

Kuhusu "subiri": zikipita siku 3 za kazi bila jibu, si duka linaruhusiwa kukupa tu?

Mzawa wa Kolo

Linaruhusiwa kwa sheria ya shirikisho, halilazimishwi. Maduka makubwa mengi hayatoi hadi jibu lije, na baadhi ya majimbo yamepiga marufuku. Mnunuzi wa chini ya miaka 21 kuna ukaguzi wa ziada tangu sheria ya 2022, unaoweza kufika siku 10 za kazi.

Jibu likiwa "umekataliwa", usikimbilie duka la jirani. Tangu sheria nyingine ya 2022 FBI inawajulisha polisi wa eneo lako ndani ya saa 24 kwamba mtu fulani amejaribu kununua akakataliwa. Omba sababu kwa maandishi, kata rufaa. Mara nyingi ni kesi ya zamani iliyofutwa lakini mahakama haikutuma taarifa.

Sasa lile shimo. Kuna wanaoweka "Marekani" kwenye uraia kwa sababu muuzaji ana haraka, au wanadhani grini kadi ni karibu na uraia. Kwa raia, kukosea kisanduku ni usumbufu. Kwetu sisi, kujidai raia wa Marekani ili upate kitu ni sababu ya kufukuzwa nchini inayojitegemea, na ni miongoni mwa zile ngumu kabisa kusamehewa. Fomu inakaa dukani miaka na miaka na ofisi ya ATF, wakala wa shirikisho wa silaha, inaweza kuikagua. Afisa wa uhamiaji akiiona siku ya usaili wa uraia, utaeleza nini?

Halafu kuna kifungu kwenye sheria ya uhamiaji kinachosema asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Sheria *yoyote*, hata ya jimbo. Hakitaji kifungo cha miaka mingapi. Wakili wa jinai aliyezoea wateja raia atakwambia "kubali kosa dogo, faini dola 200, nenda nyumbani", naye hajui amekukatia tiketi ya ndege. Ukikamatwa kwa jambo la silaha usikubali chochote kabla wakili wa uhamiaji hajasoma hati ya mashtaka.

Mama Nasra (Columbus)

Kaka, wanafunzi wetu wa F-1 wanapelekwa na wenzao uwanja wa shabaha, wanakodi bastola saa moja, wanapiga picha wanaweka mtandaoni. Hiyo nayo?

Mzawa wa Kolo

Hiyo nayo, dada. Sheria inasema kumiliki au kuwa nayo mkononi, haijali ni yako au ya kukodi, na inahusu hata risasi peke yake. Kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo hii hii: Rehaif, kijana kutoka Falme za Kiarabu, alikuja Florida kwa viza ya masomo, chuo kikamfuta kwa alama mbovu, akaenda kufyatua uwanja wa shabaha, akashtakiwa. Juni 2019 mahakama ikasema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua anashika silaha *na* alijua hali yake ya uhamiaji. Wengine wanaisoma kama ruhusa. Katazo liko palepale, kilichoongezeka ni mzigo wa ushahidi kwa mwendesha mashtaka. Na mwanafunzi aliyesoma uzi huu hawezi tena kusema hakujua, hahaha.

Anayetaka kufyatua kihalali achukue leseni ya uwindaji kwanza. Majimbo mengi yanamuuzia hata mgeni, japo mengine yanadai kozi ya usalama.

Fizi_Louisville

Makundi mengine yanayozuiwa, kwa kifupi. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la adhabu inayoweza kuzidi mwaka mmoja, hata kama yeye hakufungwa. Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mke, mume au mzazi mwenzake, hata kosa dogo, tangu 1996. Aliye chini ya amri ya mahakama ya kukaa mbali na mwenzi wake. Mahakama Kuu ililithibitisha hilo Juni 2024. Na bangi: jimbo lako limeiruhusu, lakini 4473 yenyewe ina onyo kwamba kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu. Kwa asiye raia, bangi ni tatizo la uhamiaji hata bila bunduki.

Mkaanga Samaki

Mie jamaa yangu hana karatasi, anataka bastola ya ulinzi dukani kwake. Nikimnunulia mimi mwenye grini kadi akanirudishia hela?

Mzawa wa Kolo

Usithubutu. Swali la kwanza la maswali ya ndiyo-hapana kwenye 4473 ni kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo huku pesa ni ya mwingine, umedanganya. Tangu 2022 kuna kosa maalumu la kumnunulia mtu asiyeruhusiwa, kifungo hadi miaka 15. Zawadi ya kweli kwa mtu anayeruhusiwa, kwa pesa yako mwenyewe, haina shida kwa sheria ya shirikisho. Jamaa aweke kamera, mlango wa chuma na mkataba na kampuni ya ulinzi.

Ishmael_MN

Majimbo. Minnesota: bastola inahitaji kibali cha kununua kutoka kwa mkuu wa polisi au sherifu wako. Ni bure, kinadumu mwaka mmoja, na wana hadi siku 30 kukijibu. Kibali cha kubeba ni kitu kingine: miaka 18, mafunzo, ada isiyozidi dola 100, kinadumu miaka 5, na lazima uwe raia au mwenye grini kadi. Yaani mkimbizi anaweza kumiliki nyumbani lakini kibali cha kubeba asubiri.

Illinois: bila kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, huwezi kununua wala kukaa na bunduki wala risasi. Dola 10, miaka 10. Anayehamia Chicago na bunduki yake kutoka Indiana aanze na kadi hiyo. Kubeba iliyofichwa kunadai saa 16 za mafunzo.

Texas: hakuna leseni ya kununua, na tangu Septemba 1, 2021 mwenye miaka 21 asiyezuiwa anabeba bila kibali. Bado leseni yao ya kubeba ina maana, hasa ukivuka mpaka kwenda majimbo yanayoitambua. Jifunze mabango: lenye "51%" jekundu ni baa, usiingie nayo kabisa, 30.06 linakataza iliyofichwa, 30.07 linakataza ya wazi.

kijana_wa_Lowell

Massachusetts ni kinyume cha Texas. Leseni ya kubeba, LTC, unaomba kwa mkuu wa polisi wa mji wako, dola 100, cheti cha kozi ya usalama, usaili, alama za vidole, inadumu miaka 6. Bunduki ambayo haiko mikononi mwako lazima iwe imefungwa kwa kufuli au ndani ya kasha. New Hampshire ni dakika 20 kwa gari na huko mambo ni holela, kwa hiyo kosa la kawaida hapa ni mtu wa Nashua kuja harusini Lowell na bastola kwenye kiti cha pembeni. Akisimamishwa upande huu amekwisha.

Mama Nasra (Columbus)

Twende kwenye nyumba zetu sasa. Familia ya watoto watano, wageni hawakatiki, vyumba viwili. Silaha inakaa wapi? Maana naona watu wanaiweka juu ya kabati chini ya mashuka ya wageni.

Fundi Kasha

Juu ya kabati siyo mahali, dada. Mtoto wa miaka minne anapanda kiti. Nitaeleza kwa kirefu kwani hapa ndipo watu wanapozika watoto.

Kuondoa risasi kwanza, na mpangilio una maana. Mtutu uelekeze upande salama, kidole nje ya triga. Chomoa magazini, kile kibebeo cha risasi, kwanza. Ndipo vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nyuma mara tatu. Kisha ifunge nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho, ingiza ncha ya kidole kidogo uguse kama ni tupu. Anayekoki kabla ya kuchomoa magazini anatoa risasi moja na papo hapo slaidi inaingiza nyingine kutoka chini. Ameona risasi imeruka sakafuni, anaamini bastola ni tupu, anabonyeza triga. Ajali nyingi za "nilikuwa naisafisha" zimeanzia hapo.

Vifaa. Kufuli la waya ndilo la bei ndogo. Duka linalokuuzia bastola linatakiwa kukupa kifaa cha kufungia, na vituo vingi vya polisi vinagawa bure kupitia Project ChildSafe. Kwenye bastola waya unapita tundu la kutolea maganda, unatokea shimo la magazini, slaidi haiwezi kufunga. Tatizo lake: linazuia kufyatua, halizuii kuibwa. Kufuli la triga ni baya zaidi kwa sababu watu wanalifunga kwenye bunduki yenye risasi, na lenyewe linaweza kugusa triga wakati wa kulivisha. Lifungwe kwenye silaha tupu tu.

Anayetaka bastola iwe karibu usiku anunue kasha dogo la chuma la vitufe, lipigwe skrubu kwenye ubao wa kitanda au mbao ya ukuta, siyo kwenye jasi. Lisilofungwa chini mwizi anaondoka nalo kama sufuria. Badilisha namba za kiwandani na zisiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Betri badilisha kila mwaka kwa tarehe maalumu, na funguo za akiba zisikae kwenye droo ya kasha hilohilo. Risasi zinakaa kasha lingine. Zinunuliwe chache, mtu wa ulinzi wa nyumba hana haja na maboksi 20.

Kisheria majimbo mengi yana kosa la kumwachia mtoto silaha. Texas mtoto ni chini ya miaka 17, na ukiiacha yenye risasi mahali anapoifikia umeshtakiwa wewe.

Ishmael_MN

Kwani ukiifungia kasha mbili si mwizi ameshaingia chumbani? Bunduki tupu ni rungu la gharama.

Fundi Kasha

Kasha la vitufe linafunguka sekunde chache ukilizoea gizani. Lizoeshe mkono na silaha tupu. Nakubali kwamba anayeishi peke yake anaweza kuamua tofauti na mwenye watoto. Lakini tuangalie namba: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu wanaojiua. Mwizi wa usiku ni hofu halali, ila aliye na msongo ndani ya nyumba yuko karibu zaidi. Kijana akianza kujifungia, kuachana na chakula, kuaga aga watu, silaha itoke nyumbani hata kwa muda. Namba ya simu ya dharura ya msongo ni 988, unaweza kuomba mkalimani.

Mengine mawili ya uwanja wa shabaha. Ukisikia mlio hafifu, "pu" badala ya "paa", simama. Risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu unapasuka mkononi. Ukibonyeza na isilie kabisa, iache ielekee shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua, baruti nyingine huchelewa kushika.

Kwa bunduki ya marisau, usichanganye risasi za geji 12 na 20, yaani vipimo vya unene, mfuko mmoja. Risasi ya geji 20 ni nyembamba: ukiitia kwenye bunduki ya 12 inateleza kupita chemba, inakwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Unadhani hujaweka kitu, unaingiza ya 12 nyuma yake, na inaingia vizuri tu. Hiyo ni bomu mbele ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 ni ya njano.

Na msumeno usiguse mtutu. Chini ya inchi 18 bunduki ya marisau, chini ya inchi 16 raifoli, umeingia sheria ya 1934 na ni jela.

Mkaanga Samaki

Ndege je? Nataka kwenda nayo kwa binamu Arizona.

Mzawa wa Kolo

Tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, ufunguo mfukoni kwako, kwenye mzigo wa chini tu, na unaitangaza kaunta kila safari. Kasha lisiinuke pembe ukilivuta. Kama vidole vinaingia hawalipokei. Risasi ziwe kwenye boksi lake. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 5. Ukisahau bastola kwenye mkoba wa mkononi, faini ya TSA, wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, inaweza kuzidi dola 10,000, mbali na polisi wa jimbo. Kagua pia mifuko ya koti na begi la zamani la uwanja wa shabaha, risasi moja iliyojificha kwenye mshono inatosha kukuharibia.

Epuka kuunganisha ndege Newark au New York. Mwaka 2005 msafiri aliyetoka Utah kwenda Pennsylvania alikosa ndege ya kuunganisha Newark, akachukua mzigo wake, akalala hoteli. Asubuhi anatangaza bastola kaunta kama sheria inavyotaka, akakamatwa. Alikaa mahabusu siku kadhaa, mashtaka yakafutwa, alipodai fidia mahakama ya rufaa mwaka 2010 ikamkatalia: ulinzi wa sheria ya shirikisho kwa anayepita jimbo na silaha unataka silaha isifikike njiani, na yeye mzigo alikuwa nao usiku kucha. Ndege ikikuachia katikati, uwaache shirika wabaki na mzigo.

Dar na Nairobi usijaribu. Kutoka Marekani kuna masharti ya usafirishaji nje, na kuingia Tanzania au Kenya unahitaji kibali cha mamlaka za silaha za huko kabla hujapanda ndege, kupita Doha au Dubai usiseme.

Fizi_Louisville

Na anayekwenda nyumbani miezi mitatu, bunduki amwachie nani? Wengi wanamwachia mwenzao wa chumba.

Mzawa wa Kolo

Mwenzako wa chumba awe anaruhusiwa yeye mwenyewe, la sivyo umemwingiza kwenye kosa la shirikisho na wewe ukiwa msaidizi. Vivyo hivyo kwa kuacha ufunguo wa kasha kwenye kitasa. Na kwenye majimbo kama Washington na Colorado kumkabidhi mtu ni uhamishaji unaopitia ukaguzi dukani. Iliyo safi ni duka la silaha linalotunza kwa ada: wanaandika namba ya silaha kwenye daftari lao, unapewa risiti, na ukirudi kuna uwezekano wakakujazisha 4473 upya, kwa hiyo grini kadi iwe hai. Piga picha ya namba ya silaha, itunze mbali na silaha yenyewe. Ikiibwa ukiwa Morogoro, hiyo namba ndiyo utakayompa polisi kwa simu, na majimbo kadhaa yanakupa muda mfupi tu wa kuripoti tangu ulipojua.